Pikiniki ya usharika Tanga: Raskazone, Amboni, Magoroto au uwanja wa kanisa?

Kwenye kikao cha kamati vijana watasema Pangani au Magoroto, ule msitu wa mlimani juu ya Muheza. Akina mama watasema popote penye bomba na choo. Mtunza hazina atasema uwanja wa kanisa, maana ndiye anayejua sanduku lina nini. Wazee hawatasema kitu. Watatikisa kichwa kwa adabu, na siku ikifika hutawaona.

Kwa hiyo nimezipima sehemu hizi kwa kipimo kimoja ambacho huenda vijana wasikipende: mkichagua hapo, nani atabaki nyumbani? Matembezi ya vijana ni jambo jingine, yana siku yake na fujo zake. Pikiniki ya usharika mzima inatakiwa impakie bibi mwenye mkongojo na mtoto wa kubebwa mgongoni kwenye gari moja, na wote wawili warudi jioni wakiwa hawajajuta.

Nachukulia mko Tanga mjini, mnafika watu 150 pamoja na watoto wa shule ya Jumapili, na fedha ni michango yenu wenyewe. Kama ninyi ni thelathini tu, nusu ya matatizo ninayoyataja hapa hayawahusu, nendeni mnakotaka.

Raskazone na Amboni

Hizi ndizo zinazoshindana hasa, kwa sababu zote mbili ziko karibu. Raskazone ni ile rasi ya mashariki ya mji, unapita Bombo ukifuata barabara ya pwani. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini, pale Kiomoni, unaiacha barabara ya Horohoro na kuingia ndani kidogo. Nauli haitaamua mshindi hapa.

Raskazone ina klabu za ufukweni zinazotoza kiingilio, na kiingilio hicho ndicho kinachowanunulia choo, mahali pa kuogea maji ya chumvi yatoke mwilini, na kivuli. Wapo watakaosema ufukwe ni wa Mungu, kwa nini tulipe? Ni kweli, lakini choo si cha ufukwe. Watu 150 kutwa nzima mahali pasipo na choo, hao akina mama watawasamehe mwakani, si mwaka huu. Ila msikubali kulipa kichwa kwa kichwa getini. Atangulie mtu wiki mbili kabla, aulize bei ya kundi, aulize kama chakula cha nje kinaruhusiwa, na ahakikishe siku hiyo hakuna harusi iliyokwisha kulipia eneo.

Faida nyingine ya Raskazone haisemwi sana: ni rahisi kuondoka. Mzee akichoka saa nane anaitiwa bajaji, dakika chache yuko kwake. Mtoto akipata homa, Hospitali ya Bombo iko njiani. Mapango hayawapi hilo, na Magoroto ndiyo kabisa.

Sasa bahari yenyewe. Wengi hupanga siku ya Raskazone kwa kalenda ya kanisa. Mimi ningepanga kwa mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu hii maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Fikiria sasa ratiba yenu. Mnafika saa nne na watoto wenye hamu ya kuogelea, mnaikuta bahari imekimbilia mbali, wanatembea juu ya mawe na mwani na kuchomwa na miiba. Maji yanarudi kwa nguvu saa tisa, wakati mnakunja mikeka na kila mama ameanza kuhesabu watoto wake. Hapo ndipo watoto wanapogoma kutoka, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mwezi ukiwa nusu mambo hugeuka: maji hayaendi mbali na hayaji kwa nguvu. Siku mbili tatu baada ya hapo yanajaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, ndiyo saa mnayotaka watoto wawe majini huku wakubwa wakiangalia. Kuijua siku hiyo hakuhitaji kitabu. Muulize jirani yako Mwislamu leo ni tarehe ngapi ya mwezi wao: kuanzia tarehe 9 hadi 11, na tena 24 hadi 26, ndizo siku zenu. Au waulize wavuvi wa Sahare. Wao watakupa na saa. Jumamosi ikiangukia hapo, iandikeni haraka kabla kwaya haijaiweka kwenye ratiba yake.

Hata maji yakiwa mazuri, wawekeni watu wazima wanne wanaojua kuogelea, wasio na kazi nyingine siku hiyo. Wasipike, wasipige picha, wasitoe hotuba. Wawili wawe majini na wawili nchi kavu, wapokezane. Watoto wadogo mwisho magotini.

Amboni ni kitu kingine kabisa. Mapango ni ya chokaa, yaliyochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka, na ukiingia na mwongozaji utaoneshwa maumbo kwenye mwamba, utasikia popo wakilalamika, na utasimuliwa habari za Osale Otango, yule mtoro wa sheria wa miaka ya 1950 ambaye wazee wa Tanga bado wanabishana kama alikuwa jambazi au shujaa wa wanyonge. Utaambiwa pia kwamba njia moja inatokea Mombasa. Msibishane na mwongozaji, sikilizeni tu; hadithi ni nusu ya kiingilio.

Lakini ndani ni giza, ni joto, sakafu inateleza, na ziko sehemu za kuinama mpaka mgongo uulize maswali. Bibi mwenye mkongojo haingii. Mwenye pumu asiingie. Na watu 150 hawaingii kwa mara moja. Mtaingia kwa makundi, na kila kundi likiwa ndani, wengine wote wako nje wanasubiri. Kusubiri huko ndiko kunakoua siku. Baada ya kundi la tatu wanaume wamehamia kwenye redio ya mpira na watoto wameshuka mtoni bila kuaga.

Kuna na jambo ambalo kamati hulikwepa mpaka lilipuke palepale. Ndani ya mapango kuna mahali pa mzimu, ambapo watu huacha sadaka zao na marashi. Katika usharika wowote yupo mzee wa kanisa, au mama wa maombi, ambaye akiona chupa hizo ataanza kukemea kwa sauti. Mchungaji alijue hilo mapema, na kabla ya safari awaambie washarika wazi kwamba mnakwenda kama wageni kwenye eneo la historia ya nchi, si kwenye mkutano wa injili. Kama mnaona hilo litaleta mgawanyiko, bora msiende kuliko kwenda mkagombana na mwongozaji mbele ya watoto.

Hukumu yangu: Amboni wapelekeni wanafunzi wa kipaimara, arobaini hivi, wakiwa na tochi na viatu vya kufunga. Watajifunza jiografia na historia kwa asubuhi moja. Wakitaka, wapitie na chemchemi za maji ya kiberiti za Galanos zilizo upande huohuo, ingawa harufu yake haifai kabla ya chakula. Usharika mzima uende Raskazone.

Magoroto, Amani, Pangani

Hakuna atakayekataa uzuri wa Magoroto. Ziwa dogo katikati ya msitu, ukungu asubuhi, hewa ambayo mtu wa Ngamiani huisikia mara moja kwa mwaka akienda kuzika mlimani. Amani nayo ina historia yake: Wajerumani waliweka kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na msitu ukatangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Ukipenda miti na ndege, huko ndiko.

Ila piga hesabu ya barabara. Hadi Muheza ni lami. Kutoka hapo unapanda mlima, na ziko sehemu za vumbi, au za tope kama mvua imenyesha, na kwa Amani kupanda huko peke yake kunakaribia kilomita thelathini na tano za kona. Mzee mwenye nyonga mbovu ataihesabu kona moja moja. Mtoto atatapika, na akitapika mmoja watafuata wengine. Coaster nzuri hazipendi kupanda, na zile zinazokubali ndizo ambazo ningetaka kuziangalia breki.

Kinachoniamulia zaidi ni hiki: mkienda Raskazone, gari lilelile linafanya mizunguko miwili au mitatu. Coaster mbili zinamaliza usharika wote kabla ya saa nne. Mkienda Magoroto kila mtu lazima apate kiti kwa wakati mmoja, yaani Coaster tano au sita kutwa nzima. Fedha ya tofauti hiyo inalisha watu wote nyama na soda, na inabaki.

Pangani ni nzuri na bahari yake ni pana, lakini ni karibu kilomita 50 kusini na hoja ni zilezile. Na kama kuna kijana anayepiga kampeni ya kukodi boti kwenda Maziwe, mwambieni akakusanye wenzake. Kile ni kisiwa cha mchanga kisicho na mti wala choo, na kupakia watoto wa shule ya Jumapili kwenye boti bila koti la kuokolea kwa kila mmoja ni jambo ambalo mchungaji hatakiwi hata kuombwa aliidhinishe.

Njiani kwenda Pangani mtapita Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya karne nyingi. Simameni mkaone, ni urithi wetu sote. Lakini yale ni makaburi ya watu, si mahali pa kutandika mkeka na kucheza rede.

Uwanja wa kanisa

Pendekezo la mtunza hazina hudharauliwa haraka mno. Choo kipo, benchi zipo, jiko lipo, mwembe upo, na mvua ikishuka mnaingia ndani na kuendelea kuimba. Hakuna nauli. Mgonjwa anatembelewa na kurudi. Majirani, Waislamu kwa Wakristo, wanaweza kualikwa kwa kupunga mkono tu. Ukitumia kipimo changu, huu ndio unaoacha watu wachache zaidi nyumbani, kuliko hata Raskazone.

Kasoro yake ni moja, ila ni kubwa. Watu wakiwa kanisani wanarudi kwenye kazi zao za kanisani. Akina mama walewale wanaopika kila sherehe watajikuta jikoni, wazee wa kanisa watajikuta meza kuu, vijana watajikuta wanabeba viti. Mtaimba, mtakula, mtafanya harambee ndogo (sijui huwa inaanzaje, lakini huanza), mtaondoka. Pikiniki inakuwa Jumapili iliyohamia nje. Kwa usharika mchanga usio na fedha ningeuchagua bila kusita, kwa sharti kwamba siku hiyo akina mama wasiguse sufuria na kusiwe na meza kuu.

Chungu cha kila jumuiya au mpishi mmoja

Hapa ndipo kamati hugombana kweli, kuliko kwenye mahali.

Kila jumuiya ikija na chungu chake, gharama haionekani na mezani kuna utamu wa kila kabila. Waliotoka Upareni wataleta makande, wa pwani wataleta samaki wa kupaka na wali wa nazi, na akipatikana mtu wa Kidigo wa kusonga bada, ule ugali wa muhogo, mimi nitakuwa kwenye foleni yake. Lakini angalia kinachofuata. Jumuiya ya wenye kazi za ofisini inafungua hotpoti sita na kuku wa kukaanga. Jumuiya ya wajane na wapangaji inafungua sufuria moja ya maharage. Watu ni watu: foleni inajaa upande mmoja, na mama aliyeamka saa tisa usiku anarudi na sufuria yake ikiwa vilevile. Mwakani jumuiya hiyo itasema ina msiba.

Halafu kuna nazi. Wali na mchuzi wa nazi uliopikwa alfajiri, ukafunikwa moto moto, ukakaa kwenye gari na baadaye chini ya mti mpaka saa nane, umeanza kuchacha kabla baraka haijaombwa. Joto la Tanga halisubiri. Wali wa kawaida nao ukikaa vuguvugu saa nyingi huleta kuhara, hata kama haujanuka. Chungu cha kila jumuiya kinafaa zaidi uwanja wa kanisa, ambako nyumba ziko karibu na chakula kinapashwa, kuliko mahali popote pa mbali.

Mpishi mmoja wa shughuli, anayepika palepale kwa kuni na sufuria zake kubwa, anaondoa mambo hayo mawili kwa pamoja: kila mtu anakula kitu kimoja, na kinatoka motoni. Sharti ni kwamba mahali paruhusu moto, na hilo muulize yule atakayetangulia Raskazone. Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya mchele kwa pilau inalisha watu sita, kwa hiyo watu 150 ni kilo 25. Watoto watakula kidogo, lakini wanakwaya watafidia. Maji ya kunywa msipunguze lita mbili kwa mtu kwa siku ya jua, hizo ni lita 300, yaani madumu kumi na tano ya lita ishirini. Wekeni kwenye ndoo zenye bomba, kila mtu aje na kikombe chake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo vitu vije kwenye vikapu na makarai.

Ubaya wa mpishi mmoja ni mchango wa fedha taslimu. Kuna familia yenye watoto sita ambayo ingeweza kuleta muhogo shambani lakini haina shilingi ya kutoa kwa kila kichwa. Ukiweka kiwango kimoja na kusoma majina ya waliolipa baada ya ibada, umekwisha kuwafukuza. Ninachokipenda mimi ni mchanganyiko: pilau na nyama vipikwe na mpishi kwa michango ya familia, si ya kichwa, na kila jumuiya ilete vitu visivyochacha wala kushindana, kama machungwa, mihogo ya kukaanga, visheti, kashata, madafu. Jina la aliyeleta lisiandikwe popote. Chungwa la tajiri na la maskini yakishamwagwa kwenye karai moja hayatambulikani.

Nyama inunuliwe bucha la kawaida lenye uchinjaji unaokubalika kwa wote. Wapo washarika wenye waume, wake au shemeji Waislamu, na mpishi mwenyewe wa pilau mkimpata aliye bora Tanga, uwezekano ni mkubwa kwamba ni Mwislamu. Kitimoto ina siku zake na mahali pake.

Siku

Jumatatu ya Pasaka ndiyo inayopendwa na ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu Pasaka huangukia kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili, yaani ndani ya masika. Mkiichagua, chagueni na uwanja wa kanisa. Tarehe 26 Desemba ni jua kali, na nusu ya usharika imepanda kwao Lushoto au Same.

Nane Nane ndiyo chaguo langu. Ni sikukuu ya taifa, mvua ni chache, machungwa ya Muheza yamejaa barabarani, na hewa si ya kukaanga. Kusi huvuma na mchana bahari huchafuka kidogo, kwa hiyo angalieni tarehe ya mwezi kama nilivyosema. Isipoelekea vizuri, chukueni Jumamosi ya karibu. Jumapili baada ya ibada naikataa: ibada inaisha saa tano, watu wanataka kwenda kubadili nguo, na mnafika mahali chakula cha mchana kikiwa kimepitwa na saa yake.

Gari

Daladala ina njia yake kwenye leseni, na ikitoka nje ya njia hiyo inahitaji kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Mwenye gari ndiye wa kukitafuta, lakini ninyi ndio mtakaokaa juani trafiki akikiulizia, kwa hiyo kiombeni mkione kabla ya kutoa malipo ya mwisho. Lori la mtu wa usharika lililotolewa bure lipokeeni kwa shukrani, libebe sufuria, kuni na maturubai. Watu wasipande.

Mzunguko wa kwanza wa Coaster uchukue mpishi, maji, mikeka na vijana wa kufunga maturubai. Wazee wasiwe wa kwanza, hata kama heshima inatutuma kuwatanguliza. Wakitangulia watasimama juani wakisubiri pa kukaa. Waende mzunguko wa pili wakute kivuli kipo. Jioni wao ndio wawe wa kwanza kurudi, saa kumi kamili, na MC asiwashikilie kwa ajili ya kuvuta kamba.